Mazishi ya Nondo

Injinia hakuwa injinia. Tuliweke hilo wazi mapema, asije mtu baadaye akasema amefichwa. Shule aliiacha pale hesabu zilipoanza kuingiza herufi, na ile kofia yake nyeupe ya ujenzi aliiokota chini ya daraja ambalo wenyewe walikwisha kulijenga wakaondoka. Ila aliivaa kofia ile kwa namna ambayo hata wenye vyeti walimpisha njiani. Mtaa ukamwita Injinia, naye kwa kuuheshimu mtaa hakuona sababu ya kuukatalia.

Asubuhi hiyo alikuwa akikatiza zake nyuma ya soko alipoona rundo la matofali mapya ya saruji, kamba nyeupe iliyofungwa kwenye vigingi, na mama mmoja wa makamo akigombana na muuza matofali kwa sababu tofali moja lilikuwa limemeguka pembe. Mtaro wa msingi ulikuwa umeshachimbwa. Fundi hakuonekana. Injinia akasimama, akaisawazisha kofia, na mate yakamjaa mdomoni.

Hapa inafaa tueleze kazi yake, maana ni kazi ya kipekee. Ukuta wa matofali ya saruji ni mzito na hauna huruma. Ukiusimamisha juu ya udongo mtupu, udongo utabonyea hapa na kukaza pale, na ukuta utapasuka ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya matofali. Ndiyo maana watu huchimba mtaro, wakatandika nondo zilizosukwa pamoja na ringi zake, vile vyuma vyembamba vya kuzifunga, wakaziinua kidogo kwa vitofali ili zisiguse udongo, kisha wakamwaga zege mpaka zifunikwe zote. Zege hubeba uzito, na nondo hulishika zege lisikatike udongo unapocheza. Injinia aliyajua haya yote. Hakuwa tapeli wa kubahatisha. Alijua hasa ni kitu gani anachoiba.

Mtaji wake ulikuwa seti moja tu ya nondo, iliyosukwa vizuri sana kwa vipande vya kubebeka. Jioni ataitandika mtaroni, mwenye nyumba ataitwa aje aone, ataziinamia, atazigonga kwa kidole, atafurahi. Kisha Injinia atamweleza kwa upole kwamba zege linataka ubaridi wa alfajiri na halitaki kelele za watu. Alfajiri nondo zinachomolewa, zinapakiwa kwenye mkokoteni, zege linamwagwa tupu, na kwenye kila kona vinachomekwa vipande vya chuma vinavyochungulia juu kama masharubu. Mwenye nyumba akiamka anakuta msingi laini, wa kijivu, wenye masharubu. Nani atafukua aone kama ndani kuna mwili? Zile nondo zilikuwa zimekaguliwa na kusifiwa katika mitaa mingi, na hazikuwahi kulala chini ya ardhi hata mara moja.

Msukuma mkokoteni alikuwa rafiki yake wa utotoni aliyeitwa Taratibu, mtu wa maneno machache na miguu mipana.

"Shikamoo mama," Injinia akasema, akiwa ameshafika.

Mama akaitikia bila kumtazama, akamalizana kwanza na muuza matofali, ambaye aliondoka akijishika kichwa. Mama huyo alikuwa na vyumba vingi vya kupangisha, na mtaa wake ulimwita Mama Punguza. Inasemekana hata daktari alipomwandikia dawa za wiki nzima alimwomba apunguze kidogo. Lakini vyumba vyake mwenyewe havikuwahi kupunguzwa kodi hata kwa aliyefiwa.

Injinia akauzunguka mtaro mikono ikiwa nyuma. Akachutama, akachukua udongo, akaunusa, akatikisa kichwa kama mtu anayesoma barua ya msiba. Akasema udongo huu ni wa kigeugeu, unataka nondo za uhakika, na Mungu amempenda mama huyu kwa sababu mafundi wengi wa siku hizi ni wezi.

"Bei?" Mama Punguza akauliza.

Akatajiwa. Akacheka, akasema apunguze. Injinia akapunguza. Akasema apunguze tena. Injinia akanung'unika kidogo kwa ajili ya adabu, akapunguza. Mama akaona raha, akaendelea: punguza ya ringi, punguza ya waya wa kufungia, punguza ya kuwahi asubuhi. Kila punguza Injinia aliimeza kama maji, kwa sababu mtu anayeuza kitu asichokitoa ana nafasi kubwa ya ukarimu. Mwisho Mama Punguza akaacha kuomba punguzo. Alimtazama Injinia usoni kwa muda, halafu akaitazama kofia, halafu akampa mkono.

"Sawa, mwanangu," akasema polepole. "Alhamisi jioni nije nizione."

Injinia aliondoka akipiga mluzi. Laiti angegeuka angemwona yule mama amesimama palepale, kidole mdomoni, akiwaza.

Sasa, Alhamisi hiyo ilikuwa na tatizo lake, nalo lilikuwa Jumamosi. Injinia alikuwa anataka kuoa. Binti mwenyewe alikuwa wa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa mji, na binti huyo ndiye aliyekuwa akisimama kaunta, akikata nondo kwa msumeno, akipima misumari huku akiwatania mafundi mpaka wanasahau kudai chenji. Injinia alimpenda. Hapo hapakuwa na ujanja wowote. Akimwona maneno yote mazuri aliyowahi kuwauzia watu yalimkimbia, akabaki anauliza bei ya misumari asiyoihitaji. Naye binti alimpenda, jambo ambalo Injinia mwenyewe hakulielewa vizuri.

Mzee alikuwa ameweka sharti. Kiwanja cha kuanzia maisha angetoa yeye, lakini msingi atoe mkwe kwa mfuko wake, na nondo zikaguliwe kabla ya zege. "Nikiziona kwa macho yangu Jumamosi mchana," mzee alisema, "mtu wangu ni huyo. Nisipoziona, tusisumbuane." Injinia akajibu kwamba mtaro, mchanga, kokoto na saruji ameshavilipia, na nondo si tatizo, ana mtu wake kiwandani.

Taratibu aliposikia mpango wenyewe, kwamba nondo zilezile zitoke kwa Mama Punguza ziende kukaguliwa na mzee, aliweka mkokoteni chini.

"Yaani hata hii tunachomoa?"

"Kwani hii ina nini?"

"Si nyumba yako? Si utalala humo wewe na mkeo?"

Injinia akafikiri. Kusema kweli jambo hilo halikuwa limempitia akilini. Mazoea yana nguvu. "Nitalala upande wa mlangoni," akasema, na Taratibu akaushika mkokoteni tena.

Alhamisi jioni nondo zilikuwa zimelala mtaroni kwa Mama Punguza, zimenyooka, zimeinuliwa juu ya vitofali vyake, jua la jioni likizipaka rangi ya shaba. Kokoto, mchanga na mifuko ya saruji vilikuwa pembeni tayari kwa alfajiri. Mama akaja na khanga yake begani. Akazigonga kwa kidole, akazitikisa, akatembea mpaka kona ya mwisho na kurudi, akasema zimemfurahisha. Injinia akaanza hotuba yake ya zege na ubaridi.

"Alfajiri siwezi kusubiri," Mama Punguza akasema. "Tunamwaga sasa hivi."

Injinia akacheka kwa heshima. Sasa hivi, mama? Kwa watu gani? Vibarua wote wamekwisha kwenda makwao.

Mama akageuka kuelekea vyumba vyake na kupiga kofi moja. Milango ikafunguka. Wakatoka wapangaji wote: kinyozi, washona viatu wawili, dada mwenye saluni na wateja wake nywele zikiwa nusu zimesukwa, mlinzi aliyepaswa kuwa amelala, bibi mmoja ambaye hakuwa ametoka nje tangu mvua za mwanzo. Kila mmoja na ndoo, sufuria, beseni au koleo. Jioni hiyohiyo Mama Punguza alikuwa amewatangazia jambo ambalo halikuwahi kusikika katika historia ya vyumba vile: atakayebeba zege atapunguziwa kodi. Watu walidhani anaumwa. Walipohakikisha ni mzima, walikimbilia ndoo kabla hajapona.

"Mama, hizi nondo lazima kwanza zipumzike," Injinia akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ilimpanda. "Zizoee udongo."

"Zitapumzika humo ndani."

Mchanganyiko ukapigwa chini palepale kwa makoleo, maji yakamiminwa, na ndoo zikaanza kupita mkono kwa mkono. Injinia akaruka mtaroni akidai kuna kipande kimekaa vibaya, akakikumbatia kukirekebisha, yaani kukichomoa. Kinyozi akamwomba radhi na kummwagia zege miguuni. Dada wa saluni akamwomba radhi upande wa pili. Zege likapanda mpaka kwenye vifundo, likaanza kushika, na Injinia ikabidi achague kati ya nondo na miguu yake. Alitoka mtaroni na kiatu kimoja. Kile kingine kimo humo mpaka leo.

Ubaya zaidi ni kwamba alikuwa injinia. Watu walimtazama yeye awaelekeze. Kwa hiyo akasimama ukingoni, kofia kichwani, soksi moja imelowa, akasimamia mwenyewe mazishi ya mtaji wake: leta huku, shindilia pale, toa hewa, funika ile inayoonekana. Kila ndoo aliisindikiza kwa macho mpaka mtaroni. Bibi wa mvua za mwanzo akamwambia jirani yake kwamba hajawahi kuona fundi mwenye uchungu na kazi kiasi kile.

Walipomaliza, Mama Punguza akamlipa kile kidogo walichokubaliana, taslimu, na kumshukuru sana. Injinia aliposhika zile hela alizijua papo hapo. Hazifikii hata nusu ya bei ya chuma kilicholala pale chini.

Ijumaa asubuhi Taratibu alimkuta chumbani ametandaza akiba yake yote ya harusi kitandani, begi likiwa wazi. Taratibu akaliangalia begi, akakaa mlangoni. Injinia akaeleza mwenyewe kwamba kuna mji ambako watu wanajenga sana na hawamjui, kwamba mwanamume anaweza kuanza upya popote, kwamba mapenzi ni kitu cha kupita. Alieleza kwa ufasaha mkubwa. Taratibu alipoona ameishiwa akasema, "Haya, nikusindikize?" na Injinia akakataa kusindikizwa.

Alikwenda mpaka stendi. Alikata tiketi, akapanda basi, akakaa dirishani, begi mapajani. Injini ikaunguruma, utingo akaanza kufunga mlango. Na hapo Injinia, ambaye aliwahi kumwuzia mtu lifti ya nyumba isiyo na ghorofa, akagundua kwamba analia. Si kilio kikubwa, machozi tu ya kipumbavu, mpaka mwenzake wa kiti cha pembeni akampa leso. Akamfikiria binti akisubiri Jumamosi kiwanjani, na mtaro mtupu, na mzee akisema nilikwambia. Akasimama, akamrudishia mwenyewe leso yake, akashuka. Nauli haikurudishwa.

Dukani alimkuta binti kaunta, peke yake. Akaagiza nondo. Binti akauliza za ukubwa gani, urefu gani, ringi ngapi, akipiga hesabu taratibu bila kuinua macho.

"Na yule mtu wako wa kiwandani?"

"Amesafiri."

"Maskini," binti akasema. "Nani atamfikishia salamu zangu sasa?"

Injinia akatoa akiba yote ya harusi, na zile hela za Mama Punguza juu yake, akaweka kaunta. Bei ilikuwa ileile iliyoandikwa ukutani, na hakuthubutu kuomba ipungue hata kidogo. Akabakiwa na hela ya kununulia soda moja, akainunua, akampa Taratibu aliyeitwa aje na mkokoteni. Kisha wakazipeleka nondo kiwanjani kwa mkokoteni na kuzisuka hadi giza lilipoingia, wakarudi kulipopambazuka na kumalizia. Kwa miaka mingi Injinia alikuwa akihamisha nondo zilizokwisha sukwa. Alikuwa amesahau kwamba waya wa kufungia unachana vidole namna hiyo.

Jumamosi mchana mzee akaja na kiti chake cha kukunja. Akazikagua nondo kuanzia kona hadi kona, akaweka mkono chini kuona kama zimeinuliwa vya kutosha, akasimama akijishika kiuno. Alisema ni kazi ya mtu mzima. Injinia akajisikia joto kifuani ambalo hakulitarajia, na hapohapo, kwa mazoea tu, mdomo ukafunguka wenyewe ukaanza: "Sasa baba, zege lenyewe linataka ubaridi wa alfajiri, na..."

Akakatika. Upande wa barabara kulikuwa na watu wanakuja na ndoo. Mbele yao kinyozi. Nyuma yake dada wa saluni. Katikati, khanga begani, Mama Punguza.

"Dada yangu," mzee akasema kwa fahari kidogo na aibu kidogo. "Tulikuwa hatusemeshani muda mrefu. Aliniomba nimpunguzie mfuko wa saruji nikakataa. Sasa tumepatana."

Mama Punguza akamtazama Injinia, kisha akatazama miguu yake. Injinia alikuwa amevaa kandambili. Mama akasema anafurahi kumwona tena, na wapangaji wake wakaanza kuchanganya zege bila kungoja amri ya injinia yeyote. Mzee akafungua kiti chake, akakaa kuangalia.

Binti alikuwa amesimama kando ya rundo la mchanga. Injinia akamwendea. Alijaribu kuanza na jambo zuri, halikuja.

"Unajua yote," akasema.

"Shangazi alikuja kuniuliza bei ya chuma," binti akajibu. "Alisema kuna fundi kamkubalia kila punguzo mpaka akaogopa. Amepatana bei maisha yake yote, hajaona mtu anayeshuka chini ya bei ya chuma kama kweli chuma anacho cha kutoa. Nikamuuliza anafananaje. Akasema ana kofia nyeupe." Akakung'uta mchanga kitengeni. "Shangazi alitaka polisi. Baba alitaka fimbo. Mimi nikawaomba wakuzikie nondo zako, halafu waniachie mpaka leo."

"Ili?"

"Nione utanunua au utakimbia."

Injinia angeweza kudanganya. Uongo mzuri kabisa ulikuwa umeshafika kwenye ncha ya ulimi, umevaa, umenyolewa. Akaumeza.

"Nilipanda basi," akasema. "Nilikaa kabisa. Nilishuka linaondoka."

Binti alitazama mtaro, nondo zikifunikwa moja baada ya nyingine, na midomo ikamcheza, kwa hasira au kwa kilio haikujulikana. "Ulitaka kunijengea ukuta juu ya udongo mtupu," akasema. "Mimi. Watoto wetu."

"Nilitaka."

"Unajisikiaje?"

"Vibaya sana."

"Vizuri," binti akasema. "Kuna watu wengine umewajengea hivyo. Utanitajia wote, tutakwenda mmoja mmoja, utawaambia kwa mdomo wako, kisha utafanya kazi dukani mpaka chuma cha kila mmoja kipatikane. Hapo ndipo tutazungumza mambo ya harusi." Kisha akamfuta saruji shavuni kwa ncha ya kitenge, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaenda kuwagawia watu maji.

Kazi ilikuwa karibu kuisha. Watu wakaitwa kivulini kupumzika, wakaweka ndoo chini, wakajikusanya kumzunguka Mama Punguza ambaye tayari alikuwa akibishana nao ni kiasi gani hasa aliahidi kupunguza. Mzee naye akabeba kiti akaenda kusuluhisha. Binti alikuwa amewapa mgongo Injinia na Taratibu. Mtaroni ilibaki kona moja ya mwisho, ile ya nyuma, haijamwagwa. Kipande kizima cha nondo kilikuwa wazi pale, kimeshikwa na waya mwepesi tu upande mmoja, kizuri, kipya, kinachotosha kuanzia mtaji mwingine.

Taratibu akasogea na mkokoteni. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna aliyekuwa anawaangalia.

"Tunachomoa?" akanong'ona.

Injinia alikiangalia kile kipande cha chuma kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa kukiri. Kisha akapiga magoti, akakaza waya uliolegea, na kukiinua vizuri juu ya kitofali chake.

"Lete ndoo," akasema.